Komode ya Baba Wakati wa Mvua

Kaka yangu alinipigia simu Kigali akaniambia mama hayuko sawa. Alikuwa amepita Gisenyi kumwona, akamkuta amevaa sweta ya kahawia na kitenge cha maua ya bluu. Juma lililofuata alipita tena, akamkuta na sweta ileile na kitenge kilekile. Hata kanisani alikwenda hivyo, mama yetu ambaye tangu utoto wetu hakuwahi kurudia kitenge Jumapili mbili mfululizo.

"Uzee umeanza kumwingia kichwani," kaka akasema. "Tumlete huku kabla hajasahau moto jikoni."

Nilipanda basi siku ya Ijumaa nikiwa nimeshapanga maneno ya kumwambia. Mvua ilitushika njiani, na tulipoteremka kuelekea mjini ziwa halikuonekana kabisa, ukungu ulikuwa umelifunika. Nilifika nyumbani nimelowa mpaka ndani ya viatu. Mama alinifungulia mlango akiwa na sweta hiyo ya kahawia. Niliitazama kuliko nilivyomtazama yeye. Ilikuwa safi, inanukia sabuni, na mikono yake bado ilikuwa na ubichi kidogo, kama nguo iliyokaushwa kwa haraka karibu na makaa.

Tulikula ndizi na maharage. Mama aliuliza habari za kila mjukuu, akaniambia mdogo wake wa Goma alivuka mpaka juzi akamletea sombe, yale majani ya muhogo, akanikumbusha dawa ya kikohozi niliyoiacha kwake safari iliyopita. Hakukosea hata jambo moja. Nami nilikaa pale nikimpima kama daktari, nikingoja akosee.

Nilianza kutetemeka kwa baridi, nikamwomba kitenge kikavu. Alisita kidogo, akasema ngoja. Nikamwambia akae, nitakichukua mwenyewe, nikaingia chumbani kwake.

Komode, kabati la droo za nguo, ilikuwa palepale chini ya dirisha. Baba aliitengeneza Goma, ng'ambo ya mpaka walikokuwa wakiishi, mwaka waliooana, kwa mbao nyekundu ya libuyu. Hakuwa seremala, alikuwa karani, na kazi yenyewe ilionyesha hivyo: droo nne, na hakuna iliyolingana na mwenzake. Kila moja iliingia kwenye tundu lake tu. Tuliporudi Rwanda vitu vingi viliachwa, lakini komode ilivuka mpaka juu ya chukudu, lile baiskeli la mbao la Goma, huku baba akitembea kando yake ameishika kwa mkono mmoja.

Nilivuta droo ya pili. Haikusogea. Nikajaribu ya tatu, kisha ya chini, nikiegemeza goti. Hakuna kitu.

"Wacha," mama akasema nyuma yangu. "Haifunguke."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua ilianza. Ile ya juu tu ndiyo inanisikia." Akanionyesha vidole vyake, vifundo vimevimba. "Na hii mikono haina nguvu tena."

Ndani ya droo ya juu kulikuwa na soksi, dawa zake na rozari. Nguo zake zote zilikuwa chini, zimefungiwa. Alikuwa anafua sweta na kitenge kila jioni, anavianika karibu na makaa, asubuhi anavipiga pasi.

"Mama, kwa nini hukutuambia?"

Alikaa kitandani. "Ningewaambia nini? Mi nashindwa kufungua tirwari? Mungesema mama hawezi tena kuishi peke yake. Mungenipeleka Kigali."

Ndilo jambo hasa lililonileta. Nafikiri alilisoma usoni mwangu. Alinivulia sweta yake, akanivika, yeye akajifunika blanketi, na hatukulizungumza tena siku hiyo.

Nilipolala nilimkumbuka baba. Kila mvua za kwanza zilipoanza, Jumamosi moja alitoa droo zote na kuzipanga kitandani. Sisi watoto tuliruhusiwa kutazama, si kugusa. Alizipangusa, akazigeuza, akawasha redio, kisha akachukua kipande cha mshumaa na kusugua kingo za mbao taratibu mpaka ziwe nyeupe. Chumba kilinukia nta na dawa ya nondo. Alipomaliza alisukuma droo kwa kidole kimoja tu, akatutazama kuona kama tumeona. Mama alikuwa akimwambia, "Bon, umeshinda," na kuanza kurudisha nguo. Tangu alipofariki hakuna aliyeikumbuka kazi hiyo. Mimi nilidhani droo zinateleza tu zenyewe, kama zangu za Kigali zenye reli za chuma.

Asubuhi nilisema tuite fundi.

"Sitaki fundi," mama akasema. "Ataleta randa, atakula mbao. Wakati ya jua tirwari zitakuwa zinacheza ndani kama meno ya muzee."

"Basi tupake mafuta ya kula."

"Mafuta? Mbao inayakunywa, inavimba zaidi. We unajua nini?"

Akanituma nikawashe mbabula, jiko letu la makaa, nikaiweka chumbani mbali kidogo na komode, mlango na dirisha wazi. Tulitoa droo ya juu kabisa. Kisha nikaingiza mkono katika nafasi yake, nikaifikia ya pili kwa nyuma na kuisukuma, huku mama akivuta kwa mbele.

"Si hivyo. Unasukuma kama unagombana nayo. Kona moja, kisha ingine."

Kona moja, kisha nyingine, droo ikaanza kutoka ikilia. Ilipotoka vitenge vilikuwa vimekunjwa kama alivyoviacha, na mama aliviinua kimojakimoja kana kwamba vimetoka safari. Ya tatu ilitoka kwa njia hiyohiyo. Tulizisimamisha zikauke, kisha mama akanionyesha mahali mbao ilipong'aa na kuwa nyeusi. Hapo ndipo inaposugua, akasema. Nilipitisha msasa hapo tu, kidogo, nikafuta vumbi, tukatafuta mshumaa tusiupate. Umeme siku hizi haukatiki sana.

Droo ya chini ilikuwa ya baba. Ilikuwa ngumu kuliko zote, na ilipokubali ilitoka ghafla nikaketi sakafuni. Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Ndani kulikuwa na tai mbili, kofia yake, na kwenye kona kipande cha mshumaa kilichosagika upande mmoja, chenye alama ya kidole gumba chake.

Nilikishika kiganjani. Nilitaka kukifunga kwenye kitambaa nikiweke.

"Tumia," mama akasema.

"Mama, hiki ni cha—"

"Naona ni cha nani. Alikiweka cha kutumia."

Basi nikasugua, kingo za droo na zile mbao zinazozibeba, na mama aliketi kitandani akiniambia bado, bado, hapo sawa. Kipande kilikuwa kidogo nilipoanza na kiliisha mikononi mwangu. Droo ziliporudi, mama alisukuma ya pili kwa kiganja. Iliingia bila sauti. Akaifungua tena, akaifunga, akaifungua tena, na mara ya mwisho hakunitazama mimi, alikuwa anatazama dirisha, na macho yake yalikuwa na machozi.

Jumapili alivaa kitenge cha kijani chenye ndege, na kilemba chake. Njiani kwenda kanisani wanawake wawili walimsimamisha kumsifu, naye akawajibu kama mtu ambaye hajawahi kukosa nguo.

Jioni nilimpigia kaka. Nilimweleza yote. Nikasikia akipunguza sauti ya televisheni, kisha akauliza, "Kwa hiyo ilikuwa droo?"

"Ilikuwa droo. Na sisi."

Mama bado yuko Gisenyi. Kaka ndiye aliyekwenda mvua zilizofuata. Alinunua paketi nzima ya mishumaa, na mama aliniambia kwenye simu kwamba alikaa siku mbili zaidi ya alivyopanga, akapanga hata kabati la jikoni ambalo halikuwa na shida yoyote.