Mtoto Ndani ya Gari la Turubai

Juzi mchana, kwenye maegesho ya magari mtaani Qurum, nilimkuta mzee mmoja akigonga kioo cha gari lake la Kimarekani la miaka ya hamsini, lile la paa la turubai linalokunjika. Alikuwa ameshuka kufungua buti, funguo zikabaki ndani, na mjukuu wake wa miaka miwili akabonyeza vitufe vya kufungia milango, yote ikajifunga. Jua lilikuwa likiwaka, na mtoto ameshaacha kulia.

"Babu, vunja kioo!" yaya wa mtoto, aliyekuwa ameshuka pamoja na mzee, alipiga kelele.

"Kitammwagikia usoni!"

Mtu kando yangu akanong'ona, "Analihurumia gari lake." Nami nikaitikia kwa kichwa.

Mzee akaligeukia duka la matunda lililokuwa jirani. "Nnataka kisu! Haraka, wallahi!"

Akapewa kisu, akalipasua turubai, akajipenyeza hadi kiunoni, akamtoa mtoto amelowa jasho chapachapa. Mtoto alipoangua kilio, babu naye akalia.

Baadaye yaya aliniambia turubai lile liliagizwa Marekani, na mzee alilingoja miezi minane. Sisi wengine, wenye ushauri tele, tulikuwa bado tumesimama kivulini.