Aliyenijibu kutoka Kihanga

Kazi yangu ni kutafuta watu wasiojua kwamba wanatafutwa. Ofisi moja ya Dar es Salaam, inayoajiri kwa niaba ya makampuni, hunitumia sifa za mtu inayemtaka, nami nakaa chumbani kwangu Bugene na kompyuta, nampekua mtandaoni mpaka nimpate. Mama yangu hajawahi kuielewa kazi hii. Majirani walishaniamulia: mimi ni mganga wa bando. Nacheka nao, ingawa kuna siku jina hilo linanikera, maana mganga angalau humwona mteja wake uso kwa uso.

Kutafuta kwenyewe hakuna uchawi. Unaandika maneno mawili matatu ndani ya alama za nukuu ili yaje yakiwa pamoja, unaongeza jina la wilaya, kisha unaweka alama ya kutoa mbele ya neno usilolitaka. Nikitafuta dereva natoa neno "chuo", la sivyo naletewa matangazo ya shule za udereva mpaka nachoka. Ila kuna neno moja lisilotolewa, nalo ni marehemu, kwa sababu hakuna aliyewahi kurudi kwenye wasifu wake kuandika kwamba amekufa. Mtandao hauendi msibani.

Mwaka huo waliniomba mwonjaji wa kahawa. Walitaka mtu mwenye uzoefu, anayenusa na kuonja na kupanga kahawa kwa ubora wake, na aliye tayari kuhamia Mbinga. Nilimpata asubuhi ya kwanza, tena hapa hapa Karagwe, Kihanga. Picha ilimwonyesha mwanamume wa makamo, shati jeupe, magunia ya kahawa nyuma yake, macho yamenikazia. Kando ya picha kulikuwa na kile kitone cha kijani kinachosema mwenyewe yuko hewani. Nikajitambulisha, nikamweleza nafasi iliyopo.

Jibu lilikuja kabla sijaondoa mkono kwenye kompyuta.

"Kazi iko mbali?"

Nikamwambia iko Mbinga, mkoa wa Ruvuma.

"Mbali sana?"

Nikamwambia ni upande wa pili wa nchi.

"Vizuri. Waambie nakuja."

Watu wote huniuliza mshahara kwanza, hata kabla ya salamu. Huyu hakuuliza mshahara wala jina la kampuni. Nilipomhoji kuhusu uonjaji, alinirudishia maneno yale yale ya kwenye wasifu, nukta kwa nukta. Nilipompigia, simu ilipokelewa, nikasikia kuku na mtoto analia, nikasikia na mtu anapumua, kisha ikakatwa. Baadaye ukaingia ujumbe: "Njoo nyumbani. Ukija mwenyewe, mama ataamini." Mwili ulinisisimka. Lakini mimi ni mkaidi tangu utoto. Kitu kikinitisha ndipo ninapokifuata. Kesho yake mapema nikavaa koti, nikaita bodaboda.

Nilifika ukungu haujainuka bado kwenye migomba. Mama mmoja mtu mzima alikuwa akitandaza kahawa kwenye mkeka. Nikampigia goti, nikamwamkia.

"Marahaba. Karibu waitu, karibu mwanangu."

Nikamwambia nimemfuata mwanawe kwa habari ya kazi, nikamtaja kwa jina la kwenye wasifu. Uso wake ukachangamka.

"Yupo kibanjani, anakuja. Keti upumzike."

Nikaketi, na nilipogeuza shingo nikaliona kaburi. Kaburi nyumbani si ajabu kwetu. Tunazika kibanjani, katikati ya migomba, na watoto hucheza pembeni wala hawakatazwi. Kilichonigandisha ni picha iliyowekwa chini ya kioo juu ya saruji: shati jeupe, magunia ya kahawa nyuma. Nikatoa simu, nikafungua wasifu. Kitone cha kijani kilikuwa kinawaka.

Niliogopa, sioni haya kusema. Miguu ilitaka kuondoka, heshima ikaizuia. Ndipo akatokea kijana kutoka kwenye migomba, mdogo kwangu kwa miaka mingi, amevaa koti ambalo mikono yake ilimmeza vidole. Mkononi alikuwa na simu.

"Ndiye huyu," mama akasema.

Nikaonyesha kaburini kwa macho tu. "Na yule, mama?"

"Yule tulimlaza pale mwaka jana," akajibu, akiendelea kutandaza kahawa. "Ndiye huyu."

Alisema bila kuona kasoro yoyote, na mimi, mtoto wa huku huku, nilipaswa kuelewa mapema. Marehemu aliacha watoto wadogo, kwa hiyo ukoo ulimsimika mdogo wake kuwa mrithi, omusika. Siku ya kumaliza matanga walimkalisha kwenye kiti cha marehemu, wakamvisha koti lake, wakamkabidhi panga lake na simu yake. Tangu hapo watoto wanamwita tata, yaani baba. Shangazi zake wanamtania utani waliokuwa wakimtania kaka yake. Mzee wa ukoo alimwambia mbele ya watu wote: kuanzia leo, anayemtafuta marehemu akukute wewe. Kila mrithi huambiwa maneno ya namna hiyo, na maana yake ni wageni wanaobisha hodi mlangoni. Huyu aliyatii mpaka mtandaoni. Mimi nilimtafuta marehemu, nikamkuta yeye. Hakuwa amenidanganya, na hilo ndilo lililonitisha kuliko kaburi.

Alinisindikiza kama desturi ilivyo. Tulipoufikia mgomba wa mwisho, ambapo mama yake hakuweza kutuona tena, mabega yake yakashuka na sauti ikawa ya kijana.

"Dada, mimi kahawa siijui. Mimi ni fundi sola. Nilikuwa na kibanda Omurushaka."

"Sasa Mbinga ulikuwa unakwenda kuonja nini?"

Akacheka, lakini si sana. "Kaka alikuwa akiitwa kazini, hakuna aliyemzuia. Mimi nikisema naondoka, wanauliza mji utabaki na nani. Nikaona nikiitwa kama kaka, wataniachia."

"Na ukishafika?"

"Huko hawanijui. Ningekuwa mimi tena."

Tukatembea kidogo. Alikuwa akikunja mikono ya lile koti, na kila akiikunja inateremka.

"Watoto wakiita tata, naitika kabla sijafikiri," akasema. "Na juzi, dada, nimeota ndoto yake. Sisemi nilimwota yeye. Nimeota ndoto yake, niko kwenye mji ambao sijawahi kukanyaga, na kila mtu namjua." Akasimama. "Wewe si unatafuta watu? Nitafute mimi, kwa jina langu. Fanya upesi, kabla sijaisha."

Akanitajia jina lake, hata lile la utani la kijiweni, nami nikamwahidi, na nilimaanisha. Nilimhurumia.

Sijawahi kumtafuta mtu kama nilivyomtafuta yule. Nililifunga jina lake kwenye alama za nukuu, akaja kaka yake. Nikamtoa kaka kwa alama ya kutoa, ukurasa ukabaki mtupu. Nilijaribu jina la utani la kijiweni, nikajaribu neno sola pamoja na Omurushaka, nikapekua picha za watu wengine nikitumaini amesimama nyuma yao. Mwishowe nikaipata akaunti yake mwenyewe. Alikuwa juu ya paa la bati, amebeba paneli begani, anacheka meno yote nje. Nilipiga makofi peke yangu chumbani, na mama yangu akauliza kuna nini.

Kupata kazi kulichukua muda mrefu zaidi. Mvua za vuli zilikuja, senene walikuja wakapita, na mimi kila nafasi iliyoingia naisoma kwa macho ya yule kijana. Hatimaye ofisi ikaniletea kampuni iliyotaka mafundi sola kwenda Katavi. Nikamwombea, wakakubali kumjaribu. Nilishapanga hata maneno ya kumwambia mama yake, kwamba mji haufi kwa sababu mwenye mji anarudi sikukuu.

Nikaandika kwenye akaunti ile ya paani. "Nimekupata. Kazi ipo, ni ya kwako, kwa jina lako."

Nilingoja siku nzima. Jibu lilikuja asubuhi iliyofuata, limeandikwa kwa utulivu, kila nukta mahali pake: "Nashukuru kwa kumkumbuka mdogo wangu. Kwa sasa hatunaye. Kama ni suala la kahawa, zungumza nami."

Nilidhani ananitania, nikapandwa na hasira. Kazi yote ile, halafu mzaha! Nikapiga simu papo hapo.

Alipokea mara moja. Ilikuwa sauti nzito, isiyo na haraka, sauti ya mtu aliyeshiba umri. Nyuma yake mtoto aliita tata, naye akamwambia kwa Kinyambo asubiri, kwa upole, bila kuuondoa mdomo kwenye simu. Nilikuwa na jina lake halisi mdomoni, lile nililolihangaikia msimu mzima. Nilitaka kumwita kwa nguvu, kama unavyomwita mtu anayesinzia karibu na moto. Yeye akanyamaza. Kilikuwa kimya cha mkubwa anayemngoja mdogo aanze, na sote tumelelewa kukijua.

Jina likagoma kutoka.

"Shikamoo, kaka," nikasema.

"Marahaba," akaitika, akaniuliza mama yangu anaendeleaje.