Alipolazwa Kirit

Lila na Mansukh waligombana kwa Kiswahili. Kigujarati kilikuwa cha maombi na wageni, Kiingereza cha kazini na watoto, lakini ugomvi wenyewe, ule wa kutoka moyoni, ulitaka Kiswahili cha Kisumu. Faida yake ni kwamba watoto, waliokulia hapa Southall, Uingereza, hawakuambulia kitu. Walimsikia mama akisema "mwacha asili ni mtumwa," na baba akijibu, "na asili ikikuacha wewe, je?" wakadhani ni habari za bei ya vitunguu.

Na ugomvi ulikuwa ule ule mmoja, miaka nenda, miaka rudi. Lila alitaka kwenda Kisumu, na Mansukh alikataa katakata.

"Walininyima leseni ya duka," Mansukh alikuwa akisema. "Nilizaliwa pale, baba yangu alizaliwa pale, wakaniambia mimi mgeni. Mimi sipigi hodi nyumbani kwangu."

Lakini Lila hakuitaka Kisumu kwa ajili ya duka, duka gani bwana! Mtoto wao wa kwanza, Kirit, alifia kule mwaka wa sitini na moja, akiwa bado ananyonya. Kwa desturi yao mtu mzima huchomwa, mtoto mchanga huzikwa, na mazishi ni kazi ya wanaume. Mansukh alimfunga kwenye shali, akatoka naye asubuhi, akarudi na shali mkononi. Lila aliachwa jikoni na mama mkwe, aliyemwambia anyamaze, Mungu atampa mwingine. Mungu akampa wengine watatu, hilo halina ubishi. Ila mahali alipolazwa yule wa kwanza hakupaona hata siku moja. Alipokuwa Kisumu hakuthubutu kuuliza; alipopata ujasiri wa kuuliza, alikuwa Southall. Na aliyepajua duniani ni mtu mmoja tu, na mtu huyo ndiye aliyegoma kwenda.

Lila alifanya kazi kwenye kiwanda cha kupakia chakula cha ndege, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Trei za ndege ya Nairobi zikifika mbele yake alizifunika polepole, kingo zote, kama anayemfungia ndugu yake chakula cha njiani. Wenzake walimtania: "Lila, iko siku utajifunika humo humo usafirishwe!" Alicheka nao, tena sana, kisha akaenda msalani kulia. Hamu haizoeleki, asikudanganye mtu. Mwenye nayo hujifunza tu kuificha.

Mwaka wa tisini na tisa Kombe la Dunia la kriketi likaja Uingereza, na mechi moja ya Kenya ikapangwa ichezwe ng'ambo, Uholanzi, mji wa Amstelveen, ubavuni mwa Amsterdam. Binti yao wa mwisho, Bharti, akawalipia safari: ndege, hoteli, tiketi za mechi. Mansukh akafurahi kama mtoto, maana ukimtajia kriketi husahau hata kisukari chake. Lila naye alikuwa na hesabu zake moyoni. Huyu mzee akikaa kutwa nzima katikati ya Wakenya, Kiswahili kikimwingia masikio yote mawili, lazima atalainika. Hapo atamwomba kwa mara ya mwisho. Akikataa, basi, hatamwomba tena. Alikuwa amechoka kuomba.

Siku ya kwanza walitembea mjini. Walinunua chipsi, Mansukh akaikwangua mayonezi yote kwa kijiti kwa sababu ina mayai, naye kwa dini yake mayai hali, mwisho wakarudia thepla, zile chapati zao za safari ambazo Lila alizipika usiku wa kuamkia safari. Lila akatamani kupanda mashua ya watalii kwenye mfereji. Mansukh akasimama ukingoni, akayatazama yale maji yaliyokaribia milango ya watu, akasema yeye hapandi.

"Mzee mzima unaogopa maji?"

"Nenda peke yako."

Hakwenda. Watu wametoka wawili, apande mmoja amwache mwenziwe ukingoni, hiyo ni safari gani?

Siku ya mechi, ungedhani Nairobi imehamia Uholanzi: bendera, ngoma, firimbi, Wakenya waliotoka kila pembe ya Ulaya. Mansukh aliketi wima, kofia usoni. "Nimekuja kutazama mchezo," akaonya. "Sina upande mimi." Kenya wakaanza kupiga, tena wakaanza vizuri. Kisha akatolewa mmoja, akafuata wa pili, halafu wakawa wanakwenda na kurudi kama watu waliosahau kitu nyumbani. Mansukh akaruka kitini.

"Aa! Lakini tunafanya nini sisi?"

Lila alilisikia lile "sisi," moyo ukampiga pa! Tangu wahame hakuwahi kulisikia mdomoni mwa mumewe kwa habari ya Kenya. Akajiambia, subiri kidogo, chuma hakijapata moto bado.

Kiti cha pili alikaa Mjaluo mmoja aitwaye Lambert, mzaliwa wa Kisumu, aliyekuwa mji wa Delft, huko huko Uholanzi, akisomea uhandisi wa maji. Aliposikia ni watu wa kwao, shikamoo zikamwagika, na Lila akampa thepla. Lambert akatafuna, akapiga mguu wake chini.

"Mama, unajua hapa tulipo ni chini ya usawa wa bahari? Sehemu hizi nyingi zilikuwa maji matupu. Wakayavuta kwa pampu mpaka ardhi ikatokea."

Mansukh akaacha kutazama uwanja. "Na ya kwetu je?" akauliza. "Ziwa lilipopanda, miaka ile ya uhuru. Ardhi ilitokea tena?"

"Maji yalipungua kidogo tu, mzee. Ufuko wa zamani ungali chini mpaka leo."

Mansukh akainama. Lila akadhani sukari imeshuka, akafungua mkoba upesi kutafuta peremende.

"Si sukari," akasema Mansukh. "Lila, nilimlaza kando ya ziwa. Si kule walikozikwa watoto wengine. Homa ilikuwa imemchoma sana yule mtoto, nikasema nimweke penye upepo. Halafu mvua zikaja, ziwa likapanda. Kila Jumapili nilikwenda kutazama. Wewe ulidhani nakwenda kriketi. Jumapili moja nikafika, nikakuta maji tu. Hakuna kaburi. Ningekupeleka ukaone nini?"

Lambert alisikia kila neno, akajifanya anatazama mpira.

Lila kwanza alikasirika. Umri wote huo! Amemwita moyo wa jiwe, amemwita mtumwa, amemnunia majuma mazima, naye ameyameza yote, akitanguliza leseni na duka. Alikubali kuchukiwa ili mkewe abaki na kaburi la kutamani. Lila alitaka kumpiga, na alitaka kumkumbatia, na hakufanya lolote, alibaki ameshika peremende. Mchezaji wa mwisho wa Kenya akatolewa, ngoma zikanyamaza.

"Ulikuwa unasimama wapi?" akauliza hatimaye.

"Lini?"

"Hizo Jumapili. Ulipokwenda kutazama maji."

"Juu kidogo. Kwenye mawe."

"Mawe hayakuzama?"

"Mawe hayakuzama."

"Basi nipeleke kwenye mawe. Sitaki kaburi. Nionyeshe kwa kidole tu, mimi nitaona."

Mansukh alivua kofia, akafuta nayo uso.

"Sawa, twende," akasema. "Ukisimama pale juu, unatazama hivi." Akanyoosha kidole juu ya vichwa vya Wakenya wote wale, na Lila akakifuata kwa macho.