Wasifu wa Mtu Aliye Hai

Nina elimu ya kidato cha nne na sijawahi kukaa mji mmoja zaidi ya miaka minne. Nimepita Tabora, Songea na Mpanda, nikisahihisha maandiko kwenye viwanda vya uchapaji na kuandika habari za ngoma na maonyesho kwa magazeti ambayo mengi yamekwisha kufa. Kwa hiyo chuo kimoja cha binafsi huko Sekei kiliponiita kufundisha uandishi wa sanaa, nilikubali haraka. Walipokumbuka kuuliza vyeti, nilikuwa nimeshaanza.

Kimandolu yupo mzee ambaye kwa zaidi ya miaka thelathini amechora kuta za mabucha, saluni na gereji. Chuo kilikuwa kinaandaa siku ya sanaa, naye angekuwa mgeni rasmi. Macho yake yameingiwa na mtoto wa jicho. Nilipokwenda kumwalika aliniambia, "Watu wananisifu kwamba mimi ni mtu mwema. Sawa. Lakini mwanangu, nataka mtu aniambie ameona nini kwenye zile kuta, maana mwenyewe sizioni tena vizuri." Nikamwahidi.

Nikawaambia wanafunzi kila mmoja achague ukuta, aandike ukurasa mmoja. Zikaja karatasi kumi na nane, na zote zilianza na "alizaliwa". Alizaliwa, akabatizwa, akasoma shule ya msingi, akapata kipaimara, akafunga ndoa, alikuwa mcheshi na mpenda watu. Moja ilisema ameacha wajukuu kumi na wawili. Ameacha, wakati asubuhi ileile nilimkuta anakunywa uji.

"Mmemzika," niliwaambia. "Nani kati yenu ameutazama ukuta?"

Kulikuwa na binti wa Kisongo ambaye ukoo wao humpa asome wasifu kila msiba, kwa kuwa ana sauti. Akasema, "Mwalimu, sisi mtu tunamwandika hivyo. Kwani kuna namna nyingine?"

"Kuna kutazama."

"Ule wangu ni wa bucha, mwalimu. Nikisimama pale nusu saa, wataniuliza nataka kilo ngapi."

Darasa likacheka. Nami nilicheka, kisha hasira ikanirudia, wala haikuwa juu yao. Maisha yao yote, maandishi pekee waliyowahi kusikia yakisomwa mbele ya watu waliotulia kusikiliza ni yale ya kando ya jeneza. Nimekaa kwenye misiba ya mafundi katika miji mingi. Fundi anachonga milango miaka arobaini, halafu siku ya mwisho tunasomewa alikohamia na kamati alizokalia. Milango hakuna anayeitaja, na wasomaji wenyewe wameingia kupitia hiyo hiyo.

Binti alikwenda. Akarudi na ukurasa wenye doa la mafuta, ulioanza hivi: "Ng'ombe huyu hajui kwamba anauzwa." Katika miaka yangu yote ya kusahihisha, ni mara chache sentensi imenifanya niweke kalamu chini.

Mkuu wa chuo aliusoma amesimama. "Hapa hakuna alizaliwa lini, hakuna alisoma wapi. Wageni watajifunza nini?"

"Watajifunza alichora nini."

"Mwalimu, kuna utaratibu."

Neno hilo limeshanihamisha miji mitatu. Nilibishana naye mpaka karani akafunga mlango, na bado akachagua karatasi nyingine isomwe mbele ya wageni.

Siku ilipofika, kijana mwenye suti aliisoma vizuri sana. Mzee alikaa mbele, koti limepigwa pasi, kofia magotini. Kijana alipomaliza, mazoea yakamponza, akainamisha kichwa na kusema, "Bwana alitoa, Bwana ametwaa." Nusu ya ukumbi ikaitikia, "Jina la Bwana lihimidiwe." Ndipo watu wakashtuka na kuanza kucheka. Mkuu akapiga makofi kuwafunika.

Mzee hakucheka. Aliniuliza, bila kupunguza sauti, "Wamemaliza? Na kazi yangu?"

Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona darasani. Nikamshika mkono, tukatoka. Binti akatufuata, na pale kwenye ngazi za nje akaanza kumsomea ukurasa wake. Alipofika aliposema kivuli cha ng'ombe kimeangukia upande usio wake, mzee akamkatiza.

"Ulikwenda saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi, babu."

"Wateja wangu ni wa saa kumi na moja, wakitoka kazini. Kivuli nimekichora cha saa hiyo."

"Lakini saa nne kimekosewa, babu. Na mimi nilikuwepo saa nne."

"Unabishana na mimi?"

"Nabishana na kivuli, babu. Wewe shikamoo."

"Marahaba." Mzee alisogea kwenye ngazi, akamgeuzia sikio. "Haya, endelea. Na usiruke penye ubaya."

Muhula uliofuata chuo hakikuniita, na wala sikuuliza. Siku ile, tukiwa bado kwenye ngazi, mkuu alitoka mwenyewe mpaka mlangoni, mpiga picha nyuma yake, akasema watu wote wamejipanga, anasubiriwa mgeni rasmi. Nikamwambia mgeni rasmi yuko kazini.