Waya wa simu niliofungia kitanda cha mkwe wangu

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine salaam aleikum.

Haya yamenikuta mwenyewe, hapa hapa Kinjumbi, vita vya maji vikiwa bado vya moto. Atakayesema ni chai aje kwangu, kitanda kipo, akitazame.

Mimi ni fundi wa kuungaunga. Sina duka, nina koleo moja na macho ya kuokota. Debe la mafuta ya taa likitoboka kwako, kwangu linakuwa kikwaruzio cha muhogo. Utepe wa chuma wa marobota ya pamba, ile pamba ya kulazimishwa, naupiga mpaka unakuwa mundu. Mke wangu anauita ua wetu jalala.

Sasa watu wa milimani, waliokunywa dawa, walipokata simu ya Mjerumani, nyaya zilibaki zimelala njiani. Wenzangu walizikwepa kwa woga. Mimi mkono ukaniwasha. Nikakunja koili nzima, nikaitia begani.

Waya ule, acheni tu! Haukatiki, hauoti kutu upesi. Haukupita mwezi, nusu ya kijiji ilikuwa imeshikwa nao: ndoo, mipini ya majembe, milango ya mabanda ya kuku.

Mkwe wangu Bi Somoe, mama wa mke wangu, kitanda chake kililegea mguu. Kikatolewa uani, nikaufunga mizunguko minne.

Hata akida, mtawala wetu aliyewekwa na Mjerumani. Vita vilipoanza alikimbilia Kilwa, aliporudi na askari mwavuli wake umevunjika njiti mbili. Akaniletea, nikamfungia. Hakuuliza waya umetoka wapi. Nani humuuliza fundi?

Kisha habari ikaja. Kijiji cha jirani jamaa kakutwa na bangili ya waya. Askari wakasema huyu ndiye aliyekata simu. Kapelekwa Kilwa, kanyongwa.

Bangili ile niliipinda mimi.

Wakuu, nilihangaika kama kuku anayetaka kutaga. Asubuhi ile ile nikapita nyumba kwa nyumba, koleo mkononi, nafungua nilichofunga. Watu wananitukana, ndoo zao hazina vishikio. Waya wote nikautumbukiza chooni. Wa akida niliuacha, maana ningemwambiaje?

Kikabaki kitanda cha mkwe, na kiko chumbani kwake.

Mnajua kwetu. Mkwe ukimwona njiani unampisha, unaingia majanini. Chumbani kwake utaingiaje? Nikapiga hodi, akaitikia. Nikasema, "Napita tu, mama."

Nikaona heri nimsubiri mke wangu arudi kisimani, aingie yeye. Nikakaa. Nikasimama. Nikaenda mpaka njia ya kisima, nikarudi, nikaenda tena.

Askari wakafika kabla yake.

Wakapekua nyumba, wakakitoa kitanda uani. Akida kasimama chini ya mwavuli wake, mkubwa wa askari yuko pembeni.

"Waya wa Serikali huu! Nani kaufunga?" akafoka akida.

Bi Somoe hakunitazama hata kwa pembe ya jicho. "Nimeuokota mwenyewe, nikafunga mwenyewe. Mtu mzima mie, simu n'na haja nayo gani?"

"Mfungeni kamba," akida akawaambia askari.

Nilitaka kukimbia, nawaambia kweli. Miguu ikaenda kwa akida.

"Shikamoo, bwana akida. Jua limegeuka, nikushikie mwavuli."

Akanipa kwa mazoea. Nikauinamisha polepole mpaka zile njiti mbili nilizozifunga waya zikamfika usoni.

Akatazama njiti. Akatazama mguu wa kitanda. Waya mmoja, mkono mmoja. Kisha akamtazama mkubwa wa askari, ambaye alikuwa bado hajaona kitu.

"Huu si wa simu," akasema. "Wa dukani huu, naujua. Mwacheni."

Akaninyang'anya mwavuli, akaufunga, akaondoka na jua lote kichwani.

Nikapiga magoti nikaufungua ule mguu wa kitanda pale pale uani. Bi Somoe akajitanda kanga yake vizuri, akaangalia pembeni.

"Mwanangu, asubuhi ulipopiga hodi ulikuwa unataka nini?"

Nikamwambia.

Akasema: "Siku nyingine ingia. Aibu yako ilitaka kuninyonga."

Wakuu, kuokota sijaacha, ni ugonjwa. Ila siku hizi kabla sijafunga kitu najiuliza kwanza chuma hiki ni cha nani. Kitanda nimekikaza kwa kamba ya usumba wa nazi, kinalia usiku kucha lakini mama analala. Mimi ndiye nisiyelala. Yule wa bangili hakupata mtu wa kumwinamishia mwavuli.

Haya, wenye wakwe semeni ukweli wenu hapa chini: mlango ule, ninyi mngeingia?