Profesa wa Boila

Kiwandani kwetu Mafinga, tunakopasua mbao, mimi nalisha maranda kwenye boila, na jina langu lilikuwa Profesa. Sikuliokota. Kabla sijahamia huku nilisoma shule ya jioni Mlandege, nikameza vitabu vingi kuliko miti ya paini ya wilaya nzima. Umeme ukikatika, mwezi ukipatwa, watu walikuja kwangu. Nisilolijua nililijibu pia. Na mama wa chai, aliyenipa jina hilo, aliniwekea chapati kubwa kuliko zote.

Mwaka jana akaja mwenzangu wa dawati moja. Huyu fizikia alinakili kwangu, hadi makosa. Sijui yalimnyookea wapi, maana mimi nilibaki na boila, yeye akapelekwa ng'ambo kusomea umeme wa nyuklia. Alikuwa likizo, amevaa jaketi lenye mifuko ya kutosha kuhamia nayo.

"Kamwene, kaka!"

"Kamwene," nikajibu, kama mtu anayeng'olewa jino.

Fundi wa msumeno akamdaka. "Hiyo nyuklia si bomu?"

"Hapana, mzee wangu. Mtambo wa umeme unachemsha maji tu, mvuke unazungusha jenereta. Kipande cha urani kama ncha ya kidole kinashinda rundo la magogo kwa joto, na moshi hakuna. Mvua zikigoma, mabwawa yakishuka, wenyewe unaendelea. Na urani tunayo, kusini huko."

"Ee, huyu ndiye profesa!" akasema mama wa chai. Chapati yangu ikapita mbele ya pua yangu, ikatua kwake.

Wivu ulinichemka, ungeunganishwa na waya, Mbeya nzima ingewaka. Nikaweka sepetu chini.

"Mimi nikiacha kulisha, tanuri linabaki na joto. Siondoki hadi lipoe, maji yasije yakaisha boila likapasuka. Hilo lako likizimwa, nani anabaki nalo?"

Akaacha kutafuna.

"Hapo ndipo penye kazi, kaka. Ukilizima bado linatoa joto siku nyingi, lazima maji yaendelee kupita. Siku hizi wanabuni mitambo inayoweza kujipoza yenyewe. Na mabaki yake yana mionzi, yatalindwa hadi na wajukuu wa wajukuu." Akacheka. "Swali hilo waliniuliza muhula wa kwanza. Nilikosa."

Mafundi wakapiga makofi. Nikajivuta, nikingoja jina langu lirudi. Mama wa chai akachukua chapati iliyobaki kwenye sahani ya mgeni, akaikata vipande viwili.

"Shika na wewe, Profesa Msaidizi."

Ndilo jina langu hadi leo. Redio ikitaja nyuklia, nikifungua mdomo, fundi wa msumeno ananizuia: "Ngoja kwanza, tutampigia Profesa mwenyewe." Na kile kipande cha chapati nilikipima kwa macho kabla ya kukila. Cha mgeni kilikuwa kikubwa zaidi.