Asili Tofauti Hazijumlishwi

Juzi jioni, hapa Mugumu, binti yangu alinisogezea kazi yake ya nyumbani: nusu jumlisha theluthi. Nikamuuliza anaanzia wapi. Akajibu bila kuinua kichwa, "Baba, asili ni tofauti, hazijumlishwi." Nikaiweka kalamu chini. Mara ya mwisho kumsikia mtoto akisema maneno hayo, rafiki yangu, yalimwaga damu.

Huenda umesahau: katika sehemu, namba ya juu huitwa kiasi na ya chini huitwa asili. Lakini kwetu Tarime, kabla hujaingia shule, asili ni ukoo wako.

Shule yetu, huko Itiryo, ilikuwa kando ya kijito, na watoto wa koo mbili walisoma humo. Kila asubuhi tulikuja na kuni za kupikia uji wa mtama, uji wenye harufu ya moshi, tukaunywa kwa kupokezana vikombe vya bati. Bibi yangu alizoea kusema kwamba ukimpiga uliyenywa naye kikombe kimoja, unajipiga mwenyewe. Mimi nilikaa dawati moja na mvulana wa ng'ambo ya kijito, mwepesi wa hesabu kuliko sisi wote. Alinifundisha theluthi kwa kukata kiazi kitamu kwa wembe.

"Mbona hazilingani?" nililalamika.

"Hicho kikubwa ni ada ya mwalimu, mura," alijibu, akiniita kijana kwa Kikurya, mdomo umeshajaa.

Siku ninayoikumbuka, alfajiri yake wezi, watu walisema wa ng'ambo, walikuwa wamechukua ng'ombe upande wetu, na mtu mmoja aliyewafuata alikatwa panga. Darasani tulijua wote. Mwalimu wa hesabu, mgeni ambaye Kikurya chake kilitosha kuombea maji tu, hakujua. Aliandika ubaoni nusu na theluthi, akageuka.

"Sehemu zenye asili tofauti hazijumlishwi..."

Nyuma, kijana mkubwa wa ukoo wetu, aliyekwisha kutahiriwa na kujiona mwanamume, alipanda juu ya dawati. "Mmesikia? Mwalimu mwenyewe kasema! Asili tofauti hazijumlishwi. Wezi watoke!"

"Shuka! Sijamaliza kanuni!"

"Tutakumalizia sisi!"

Mbao za madawati ziling'olewa. Jiwe lilinipata mdomoni, nikatema jino. Mtu alimchoma mwenzangu wa dawati begani kwa bikari, ncha ikazama, naye akabaki amelishika bega kwa mkono mwingine, akilitazama kama si lake. Wakamzunguka. Mwalimu alichapa fimbo bila kuchagua mpaka ikavunjika, kisha akamvuta mtoto huyo nyuma ya mgongo wake na kurudi kinyumenyume hadi mlangoni, akikinga ubao mmoja baada ya mwingine kwa mikono mitupu. Nilisikia mfupa wa mkono wake ukilia.

"Hapa hakuna wezi!" alipiga kelele. "Hapa kuna darasa la tano!"

Aliingia naye kijitoni, mawe yakianguka majini kandokando yao. Niliwafuata hadi ukingoni. Ng'ambo, wanaume waliosikia yowe walikuwa wamekwisha kuvuta pinde, na mishale ilimwelekea mwalimu.

"Msimpige! Ni mwalimu wangu!" mtoto alilia. Pinde zikashuka. Alipofika kwao aligeuka, damu imelowesha shati, akaniita, "Mura, niwekee nafasi kesho!"

Jioni hiyohiyo mishale ilianza kuruka. Nyumba za nyasi ziliungua pande zote mbili, watu wakafa pande zote mbili. Bibi alitulaza vichakani, na mpaka leo nikisikia harufu ya mtama unaoungua natoka nje kwanza kutazama paa.

Shule ilipofunguliwa tena, hakuna hata mtoto mmoja aliyevuka kijito. Mwalimu, mkono umefungwa shingoni, aliandika hesabu ileile kwa mkono wa kushoto.

"Hazijumlishwi mpaka zipewe asili moja," alisema. "Nusu inakuwa tatu juu ya sita. Theluthi inakuwa mbili juu ya sita. Hakuna iliyopungua. Na asilimia ni hivyohivyo: kila sehemu inapewa asili ya mia, ndipo zinaweza kusemezana." Alifundisha kwa sauti ya siku zote, akiwatazama hata wale ambao hawakuwepo.

Wazee walipatana baadaye. Leo kuna shule mbili, moja kila upande wa kijito, zote za matofali na mabati, na watoto wa pande hizo hukutana mnadani wakiwa wamekwisha kuwa watu wazima. Mwenzangu alipona bega, nilisikia, akapelekwa kwa mjomba wake Ringwani. Sikumwona tena.

Nafasi nilimwekea. Lakini madawati yale yalitengenezwa kwa watu wawili. Ukikaa pembeni peke yako, upande wa pili unainuka na kalamu zinaserereka. Kabla muhula haujaisha, nilikuwa nimejifunza kukaa katikati.